Udongo Uliokwenda kwa Baba

Mjukuu wangu Shiku alirudi kutoka shule wiki iliyopita akaja moja kwa moja jikoni, hata begi hajatua, akaniambia, "Shosho, ticha amesema kesho tubebe soil. Na chupa mbili za plastiki. Na nyasi. Asiyebeba atasimama nje." Wenzangu wenye wajukuu mnaijua elimu ya siku hizi. Mtoto ndiye anayeenda shule, lakini kazi ya nyumbani inafanywa na nyanya. Juzi tulikuwa tukitengeneza sanamu kwa magazeti ya zamani, na kabla ya hapo tulizunguka mtaa wetu wa Kimbo mzima tukitafuta manyoya ya kuku. Sasa ilikuwa zamu ya udongo.

Mtu angedhani udongo ni kitu cha kuokota tu. Basi aje Kimbo ajaribu. Chini ya jumba letu kumemwagwa simiti, njia imetandazwa kokoto, na ploti ya jirani anayechimba msingi ni mawe matupu. Udongo wa maana tulio nao ni ule ulio katika sufuria yangu kuukuu pale kwenye balkoni, nilimopanda dhania. Shiku aliutazama, akanitazama mimi, na tayari alikuwa na kijiko mkononi. Nikamwambia auache. Aliponiuliza kwa nini, nikasema si udongo wa kuchezea, nikamtuma kwa jirani. Alienda akiburuta viatu, na mimi nikajiona mchoyo.

Jioni nikamwagilia dhania maji. Ile harufu ikapanda, harufu ya udongo mkavu unapokutana na maji, na mara nikawa nimechutama kando ya mto Chania, miguu imejaa tope jekundu, Mwalimu Ndegwa akituonyesha mto kwa fimbo yake ya mwerezi.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya mto, upande wa pili wa mji wa Thika, karibu kiasi kwamba upepo ukivuma vizuri tulisikia king'ora cha kiwanda. Nasema kijiji kwa sababu ndivyo kilivyoitwa. Kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, kila mtu alikaa kwenye shamba lake. Kisha tukaondolewa, nyumba zetu zikachomwa, tukajengewa vibanda vilivyobanana, tukazungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Mlango ulikuwa mmoja, na hapo walisimama walinzi tuliowaita homugadi. Asubuhi mlango ulifunguliwa. Watoto wakaenda shule, akina mama wengine wakapanda lori la kwenda kuchuma kahawa Ruiru, wengine wakaharakisha mashambani kwao. Jioni sote tulirudishwa ndani kama mbuzi.

Baba hakuwako. Alikuwa amechukuliwa na askari, na tuliyoyapata baadaye yalikuwa ya kusikia tu, kwamba amepelekwa kisiwani, huko pwani, mahali palipozungukwa na maji pande zote. Sikuwa nimeona maji makubwa kuliko Chania. Nilimwaza baba amesimama kwenye jiwe katikati ya mto, koti lake la kijeshi limemshika mwilini, akingoja maji yapungue ili avuke.

Mama alikuwa na shauri moja tu moyoni, na alilirudia mpaka nikalijua kwa ghaibu. Baba akirudi, alikute shamba lake. Nyumba ilikuwa imekwenda, mbuzi wamekwenda, lakini shamba lilikuwa palepale kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, limezungukwa na matoka, yale maua ya mpaka ambayo baba aliyapanda kwa mkono wake. Kila siku kabla ya kuondoka mama alipita akiyagusa majani ya matoka yale, moja baada ya jingine, jinsi mtu anavyohesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Nilidhani anayaaga.

Jambo ambalo mama hakutaka kulisikia ni mitaro. Lazima niwaeleze hili vizuri, maana vijana wanapoona mashamba yamekatwa ngazi ngazi hufikiri ni babu zao waliopenda iwe hivyo. Wakati ule mitaro ilikuwa adhabu. Filimbi ililia kumekucha, na akina mama wakapangwa kwenye kilima, kila mmoja na jembe lake, wachimbe mitaro ya kuzuia mmomonyoko huku hedimani, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, akipita nyuma na kifimbo. Kazi hiyo ya lazima tuliita gitati. Mama alirudi viganja vimetoka malengelenge, akakaa akivitazama. Mitaro ilianzia barabarani, mahali Bwana Disii, mzungu mkuu wa wilaya, alipopita na gari lake, na ilikuwa haijafika kwetu chini. Mama alishukuru Mungu kwa hilo. Alisema shambani mwa mumewe hatachimba kaburi la serikali, na alipolisema hivyo hakuna aliyebishana naye.

Sasa nirudi kwa Mwalimu Ndegwa. Alikuwa mtu mwembamba, Mkristo safi, mwenye suruali moja ya kaki aliyoipiga pasi mpaka ikang'aa magotini. Alipenda kutufundisha nje. Darasani alikuwa mkali, lakini akitoka nje sauti yake ilibadilika, akawa kama mtu aliyefika kwao. Baada ya mvua kubwa ya usiku, alitupanga mstari akatupeleka mtoni. Chania ilikuwa imefura, nyekundu, nzito, inapita na matawi ya miti na bua la mhindi lenye mizizi yake.

"Mnaona rangi hiyo?" akauliza. "Mto hauna rangi. Hilo ni shamba la mama zenu linasafiri."

Akatuambia linakokwenda. Chania itaingia mto Thika, Thika itaingia Tana, na Tana itatembea nchi kavu siku nyingi mpaka iingie baharini, kule upande wa visiwa vya pwani. Alisema udongo huo hautarudi tena, na kwamba mahali pake kwenye kilima patabaki mwamba. Wenzangu wakahuzunika, maana alilisema kwa huzuni. Mimi nilitaka kuruka. Sikusikia mwamba, sikusikia hautarudi. Nilisikia visiwa vya pwani tu. Shamba letu lilikuwa njiani kwenda kwa baba.

Mtoto akishapata jambo lake halitoi. Niliwaza tope lile jekundu likifika kwenye jiwe alipokuwa amesimama, likimgusa miguu, naye akiinama akalijua, maana baba alilijua shamba lake kuliko mtu yeyote. Sikumwambia mama. Nilitaka iwe siri yangu na mto. Tangu siku hiyo mvua iliponyesha nilifurahi, na nilipoona mfereji mdogo umejichimba katikati ya maharagwe yetu, maji yakiteremka yakiimba, niliuangalia kama watu wanavyomwangalia tarishi.

Siku chache baadaye Mwalimu alituambia tulete udongo, kila mtoto mkebe mmoja, kutoka shambani mwa mama yake. Alitaka kutuonyesha jinsi maji yanavyoubeba. Nilienda na mama shambani mchana, nikajaza mkebe wa majani chai mpaka ukingoni. Mama alicheka kidogo, akauliza kama sasa hata udongo unasomewa. Kifuniko kilikuwa kimelegea, kwa hiyo alipasua kipande cha leso yake kuukuu akakifunga mkebe vizuri, fundo juu, usije ukamwagika njiani. Jioni tulipita mlangoni katikati ya kundi la akina mama wenye kuni, na hakuna aliyeuliza kitu.

Asubuhi ilikuwa tofauti. Mlangoni alisimama Kamande, mtu tuliyemjua tangu zamani, maana shamba lake lilipakana na la shangazi yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga akipewa bunduki anakuwa mgumu. Alinisimamisha kwa sababu ya lile fundo, akaniita maitu, yaani mama, kama wazee wanavyowaita wasichana wadogo.

"Umebeba nini, maitu?"

Nikamwambia ni udongo. Akauliza wa nini. Nikamwambia kwa fahari kwamba ni wa mwalimu.

Alifungua kitambaa polepole, akatazama ndani, akakifunga tena. Akamwita mtoto aliyekuwa nyuma yangu. Udongo. Akamwita mwingine. Udongo. Mstari mzima wa watoto, kila mmoja na kopo lake, wengine wamefunika kwa majani ya mgomba, wengine wamefunga kwa vitambaa kama mimi, na ndani ni udongo wa mashamba ya watu ambao waume zao walikuwa vizuizini. Kamande akarudi nyuma hatua kadhaa. Kisha akapiga filimbi, na mlango ukafungwa.

Sisi hatukujua. Nafikiri wengi wenu wa rika langu mlielezwa baadaye kama mimi. Siku hizo watu walikuwa wakila kiapo cha siri cha kuupinga ukoloni, na wakila kiapo cha ardhi walishika udongo. Mtu mzima kukutwa na udongo mkononi bila jembe lilikuwa jambo la kumpeleka pabaya. Na sasa huyu mwalimu wa misheni alikuwa amewaambia watoto wadogo wamletee udongo, kila mmoja wa kwao, umefungwa. Homugadi hawakuona somo. Waliona darasa zima linakwenda kulishwa kiapo.

Tulikalishwa chini, mikebe mbele yetu. Lori la kahawa la Ruiru lilipiga honi nje, likangoja, likaondoka tupu. Akina mama waliitwa wakaja wakitweta, na mama alipoona kile kipande cha leso mbele yangu, alisimama ghafla. Sijasahau uso wake. Mimi nilikuwa bado nadhani tutapewa sifa kwa sababu hakuna aliyesahau kuleta.

"Nyina wa Njoki," Kamande akamwita mama kwa jina langu, "kitambaa hiki ni chako?"

"Ni changu."

"Nani alikwambia ufunge udongo kwa kitambaa?"

"Kifuniko kimelegea," mama akajibu.

Hedimani alifika, mtu mnene aliyevaa kofia ya sola kama ya wazungu. Akaamuru mwalimu aletwe. Mwalimu Ndegwa alikuja katikati ya homugadi wawili, chaki bado iko vidoleni. Alipotuona tumekaa chini na mikebe yetu alielewa yote mara moja. Lakini alitusalimu kama darasani, na sisi kwa mazoea tukasimama na kumwitikia kwa sauti moja. Mama mmoja alianza kucheka akajiziba mdomo kwa leso.

Mwalimu hakujitetea kwa maneno mengi. Aliomba aletewe vitu vyake kutoka shuleni, na maji. Vitu vyenyewe vilikuwa debe lililopasuliwa katikati likawa mabakuli mawili marefu, na kopo lililotobolewa matundu chini. Akayalaza mabakuli juu ya mawe, yameinama kidogo kama kilima. Kando ya lango akakata nyasi pamoja na mizizi yake, akazipanga kwenye moja. Kwenye la pili akamwaga udongo mtupu, na kwa kuwa mkebe wangu ndio uliokuwa mkubwa, alimwaga wangu. Mwishoni mwa kila bakuli akaweka bilauri.

Kisha akamimina maji kwenye kopo la matundu, mvua ikanyesha. Upande wa nyasi maji yalichelewa, yakatoka kidogo kidogo, meupe kiasi cha kuona upande wa pili. Upande wa udongo mtupu yaliteremka papo hapo, mekundu, mazito, yakajaza bilauri na kumwagika, na bakulini pakabaki mifereji mpaka bati likaonekana. Watu walikuwa wamesogea bila kuambiwa. Hata Kamande alikuwa ameinama, bunduki imening'inia mgongoni.

Hedimani alichukua bilauri ya maji mekundu akaiinua juani. Tulingoja. Ndipo uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni gitati," akasema. "Mwarimu, haya si ndiyo ninayowaambia hawa kila siku kwa filimbi?"

"Ndiyo hayo, mzee," Mwalimu akajibu, akiwa ameangalia chini.

Mambo yakaishia hapo, kwa bahati na kwa majivuno ya hedimani. Aliwaonya akina mama waone faida ya kazi yake, akaagiza mwalimu asikusanye tena kitu chochote kutoka majumbani bila kumwambia, akatuachilia. Mwalimu Ndegwa alituongoza shuleni akitembea haraka mno, na tulipofika alikaa kwenye kiti chake akatuambia tusome kimya. Hakutuomba udongo tena mwaka ule. Nilimpenda sana, na ninapokumbuka alivyotusalimu pale langoni kama tuko darasani, bado ninaumia.

Kabla hatujaondoka pale langoni mama alikuwa amefanya jambo dogo. Alichutama karibu na ile bilauri, akatia kidole mpaka chini, akakitoa kimejaa tope. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huu ndio wa kwetu?" Nikasema ndiyo. Akajipangusa kwenye sketi, akanyanyuka.

Jioni hiyo shambani hakulima. Alishuka moja kwa moja kwenye mpaka wa chini, kwenye matoka. Nilimfuata. Aliyafunua majani, na chini yake mizizi ilikuwa nje, imening'inia hewani, nyeupe kama vidole vya mtu aliyekaa majini. Matoka hayakuwa yamekua marefu kama tulivyodhani. Ardhi ndiyo iliyokuwa imeshuka. Alikuwa akiyagusa kila siku kwa juu bila kutazama chini. Mama alikaa pale chini na akalia, kilio cha kimya, na mimi sikuelewa analia nini wakati udongo unakwenda vizuri tu mahali unapotakiwa.

Aliwaambia wanawake wenzake anataka ngwatio, ule ushirika wetu wa zamani ambao leo mnalima kwangu, kesho tunalima kwako. Walipojua ni mitaro ya kuchimba, waliguna. Mmoja alimuuliza kama hedimani amemnunua. Mama hakukasirika. Alisema shamba lake halina filimbi, na atakayesikia filimbi humo aweke jembe chini aende nyumbani. Walikuja. Siku nzima walichimba kukata mteremko, wakitupa udongo upande wa juu, wakitaniana na kuimba nyimbo ambazo kwenye gitati hakuna aliyethubutu kuziimba. Chai ilikuwa ya rangi na viazi vitamu vilikuwa vya kutosha. Tangu tuhamishwe sikuwa nimewasikia akina mama wakicheka namna ile.

Ni mimi niliyeharibu. Walipofika katikati, mahali ule mfereji wangu ulipopitia, nilikaa juu yake nikakataa kuondoka. Walidhani ni utundu. Mama alinivuta mkono, nikang'ang'ania, mpaka akaona nalia kwa kweli. Akatupa jembe, akachuchumaa mbele yangu, akauliza kuna nini.

"Mkiziba hapa," nikamwambia, "baba hatapata chochote."

Ilibidi nimweleze yote, Chania na Tana na visiwa. Wanawake waliegemea majembe yao. Nilingoja nichekwe, lakini hakuna aliyecheka. Mama akachota udongo kutoka kwenye mtaro mpya, akanijazia kiganja changu, akanifunga vidole. Akanishika mkono mwingine tukashuka mpaka mtoni, sisi wawili. Maji yalikuwa yamepungua, yametulia.

"Huo ni wake," akasema. "Mpelekee. Huu mwingine utamngoja hapa."

Nikaurusha. Ulitanda juu ya maji kama pilipili kwenye mchuzi, ukaenda. Tulisimama mpaka tukawa hatuuoni tena, kisha tukapanda juu mama akachukua jembe lake, nami nikabeba mashina ya nepia, ile nyasi ndefu ya mifugo, ya kupanda kwenye kingo za mitaro.

Baba alirudi nikiwa nimeshakuwa mkubwa wa kutosha kuona aibu mbele yake. Alikuwa mwembamba, nywele zimeingia mvi. Chai aliyoandaliwa aliiacha ikapoa. Alitaka kwenda shambani. Mama alitangulia, yeye akafuata, mimi nyuma. Tulipofika juu alisimama. Chini yetu shamba lilikuwa limekaa ngazi ngazi, nepia imesimama kijani kwenye kila ukingo, maharagwe yamejaza. Upande wa jirani mteremko ulikuwa umebaki mwekundu na mawe yametokeza. Alishuka ngazi moja moja, akafika kwenye matoka, akapapasa chini ya majani. Mizizi ilikuwa imefunikwa. Akakaa palepale.

Nilikuwa nimemngojea miaka yote hiyo kwa swali moja, na hapo likanitoka kabla sijaliogopa. Nikamuuliza kama udongo ulimfikia.

Mama alifungua mdomo, lakini baba aliinua mkono kidogo. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu arudi, akitafuta ndani ya swali langu. Sijui aliona nini.

"Ulifika," akasema. "Mwanzo ulikuja mwingi, nikahofu. Baadaye ukakoma. Ulipokoma nikajua mama yako ameushika."

Uhuru ulipokuja wengi waliisawazisha mitaro yao kwa furaha, na siwalaumu, maana walikumbuka filimbi. Ya mama ilibaki. Nami nilikuwa nimeshapata watoto wangu ndipo nilipomsikia baba akizungumza na mgeni mmoja, wakikumbushana kambi walizokaa. Alitaja mahali pakavu, pa miiba na vumbi, ambapo maji yaliletwa kwa lori. Nilimuuliza mama jikoni kuhusu kisiwa. Akasema ilikuwa habari ya uongo iliyozuka tu kijijini, kwamba baba yangu hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Akaendelea kumenya viazi, nami nikasimama pale na kisu mkononi.

Tulipomzika baba, miaka mingi baadaye, alizikwa kwenye ngazi ya chini, karibu na matoka. Vijana waliochimba walitoka shimoni wakishangaa. Walikuwa wamechimba makaburi kwenye mashamba ya majirani wakigonga mwamba kiunoni, lakini hapa jembe lilizama tu, udongo laini, mweusi, mpaka vichwa vyao vikapotea shimoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti amejifunika shali. Alinivuta mkono nikainama.

"Udongo wake umemngoja," akanong'ona.

Udongo ulio kwenye sufuria yangu ya dhania ulitoka kwenye ngazi ile. Shiku alirudi kutoka kwa jirani na mfuko wa kokoto, amenywea. Nikamwita kwenye balkoni. Nikamwambia alete chupa zake, na aketi, maana kabla ya kuuchukua lazima ajue unatoka wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi, hakuigusa simu hata mara moja. Kisha nikachota, nikamjazia kiganja kimoja, nikamfunga vidole. Mwingine nikauacha sufuriani.